Siku ya Mnada Wifi Yangu Aliitwa Mahakamani Akashindwa Kuingia

Ndugu mhariri wa ukurasa huu, jina langu lifunike kabisa na kijiji usikitaje, maana huku Tarime gazeti moja linasomwa na watu wote mpaka linaishia kufungia sukari. Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, nina watoto watatu, na mume wangu ni karani wa mahakama ya mwanzo. Kwetu ni Serengeti, upande wa Machochwe, huku nimeolewa tu. Haya ninayoandika sijamwambia hata padri.

Tangu watu wahamishiwe vijiji vya ujamaa, mashauri yalivurugika vibaya sana. Samansi inapelekwa makazi ya zamani, tarishi anakuta majivu na mbuzi wa jirani. Leo mdai kaja, mdaiwa hayupo. Wakati mwingine mdaiwa kaja, mdai yuko shamba la kijiji. Mambo yanaahirishwa mpaka watu wanasahau walikuwa wanagombania nini. Ndipo mume wangu akamshauri hakimu kwamba mashauri yote yasikilizwe siku ya mnada, kwa sababu siku hiyo kila mtu yupo, mwenye ng'ombe na asiye na ng'ombe. Jamani, ilifanya kazi! Mafaili yakapungua, wakubwa wakaja kutoka wilayani kumsifu mume wangu, na mimi nikawa naenda kisimani kichwa juu.

Sasa nina wifi, dada yake mume wangu, nimwite Bhoke. Mume wake anampiga. Sisemi kofi la hasira, nasema rungu. Siku moja alifika kwangu mkono unaning'inia. Akafungua shauri la talaka, akapangiwa siku ya mnada kama wengine wote. Hapo ndipo pagumu. Kwetu mwanamke na baba mkwe wake hawakai chumba kimoja. Akimwona njiani anachepuka porini apite. Na yule mzee, baba wa mume wake, hakosi mnada, na akishafika lazima aingie mahakamani akae benchi la mbele na wazee wenzake kusikiliza mambo ya watu. Bhoke angesimamaje pale aseme ya chumbani mkwe wake anamtazama? Mume wangu ni Mkurya na mila anaijua, lakini tangu asifiwe anaona tarehe tu, watu hawaoni.

Bhoke alinijia jikoni. "Wifi," akasema, "mwambie kaka anihamishie siku. Yoyote ile, hata mvua ikinyesha nitakuja, ilimradi isiwe ya mnada. Mimi mambo ya ndoa yangu siwezi kumwambia kaka mdomo kwa mdomo."

Nikamjibu, "Nitamwambia leo leo."

Sikumwambia. Msinihukumu kwanza. Au nihukumuni tu, nastahili. Ng'ombe waliotolewa kumwoa Bhoke ndio hao hao mume wangu aliowapeleka kwetu kunioa mimi. Hakuwa na wengine. Talaka ikitoka, wakwe zake watadai ng'ombe wao, na baba yangu alishawatoa mahari ya mke wa kaka yangu. Watatoka wapi? Mimi ndiye nitakayerudishwa Machochwe na sufuria yangu kichwani, watoto wabaki huku. Mume wangu akikaa kula nafungua mdomo niseme, nafikiria hilo, basi namwongezea mboga.

Siku ilipofika nilikuwa mnadani nauza ndizi. Nikamsikia tarishi anaita jina la Bhoke pale mlangoni, akaita tena, akaita mara ya mwisho. Bhoke alikuwepo! Alikuwa nyuma ya ukuta wa mahakama, ameng'ata upindo wa kanga, analia, mkwe wake keshakaa ndani benchi la mbele. Hakimu akalifuta shauri kwa kuwa mdai hakutokea. Na mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilifurahi mpaka mteja nikampa ndizi za bure.

Jioni mume wangu akaniuliza, "Huyu Bhoke ana nini? Nampangia siku, haingii, ananiaibisha kwa hakimu."

"Labda wamepatana," nikasema.

"Nyie wanawake bwana!" Akacheka.

Bhoke naye aliniuliza kama nilimwambia kaka yake. Nikamwambia, "Nilimwambia, akakataa. Anasema utaratibu ni utaratibu." Uongo huo ulitoka laini, sikuhitaji hata kuutafuta. Tangu hapo Bhoke hamsalimii kaka yake, na kaka yake anasema dada amepata kiburi. Kila mmoja ananililia mimi mwenzake alivyombadilikia, nami nawamiminia chai.

Mwezi huu amekuja tena, safari hii ni jicho. Nilimuuliza kama atafungua shauri upya, nikijifanya namhurumia, kumbe nataka kujua nilale salama au la. Akatikisa kichwa. "Nifungue kwa nani, wakati kaka yangu mwenyewe amenitupa? Namaliza kukusaidia kuvuna mtama, narudi kwa mume wangu. Nikifia kule, wifi, wanangu uwalee wewe. Wewe peke yako ndiye uliyenisimamia."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto.

Ndugu wasomaji, nielekezeni. Nimwambie mume wangu kwanza, au Bhoke? Nianze na neno gani, nami nimeshadanganya kote kuwili? Mtama umeshakuwa mwekundu, na leo asubuhi nimemwona Bhoke anafua zile nguo zake mbili za safari.