Mwanangu Hakuwa Dodoma

Jumanne asubuhi nilikuwa nimeketi kuandika safu hii, na niliyokuwa nikiyaandika yalikuwa mengine kabisa, simu ilipoita kutoka Kaole kunijulisha kwamba bibi mmoja wa huko amefariki alfajiri, baada ya kuugua siku mbili tu, na kwamba maziko ni baada ya sala ya alasiri. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Wengi wenu hamkumjua na hamkuwa na sababu ya kumjua. Hakuwa kiongozi wala hakuwa na cheo, jina lake halikuwahi kuchapishwa popote, na hata mimi sitalichapisha, maana watu wa pwani tunajuana na jina moja huvuta mengine. Alikuwa kungwi, mwalimu wa wari, wale mabinti wanaovunja ungo na wale wanaoingia kwenye ndoa. Nusu ya wanawake wa mji wetu wa Bagamoyo aliwafunda, na nusu iliyobaki aliwasema. Mimi hakunifunda.

Nisiwe mnafiki kwa kuwa amekufa: alikuwa mtu wa kuchosha. Hodi yake ilikuja baada ya yeye mwenyewe kuingia. Ukimpa chai atauliza tangawizi imekwenda wapi, ukimpa kiti atataka mkeka, ukimpa mkeka atauliza umefuliwa lini. Kwangu alikuwa akija kila baada ya wiki mbili hivi nimsomee ujumbe wa simu, kwa kuwa macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, na hakuondoka bila kusema neno juu ya pazia zangu, unene wangu na makala zangu. Makala alizijua kuliko wasomaji wengi. Mwenye duka la karibu naye alikuwa akimfungia ubani kwa gazeti, bibi naye humwita jirani amsomee karatasi kabla hajaitupa. "Juzi nimekusikia," aliniambia siku moja. "Umesema vijana wasione haya. Umesema vyema. Ubani wenyewe lakini ulikuwa na mchanga."

Ni kweli, mwaka ule niliandika sana kuhusu wahitimu wa vyuo vikuu wasio na kazi. Mlikuwa mkiniandikia, na bado mnaniandikia, mkiuliza mfanye nini, nami nilikuwa hodari wa kujibu. Jiajirini. Thubutuni. Msichague kazi. Badilisheni fikra. Niliyaandika hayo nikiwa na mshahara wangu mfukoni, kikombe mkononi na feni juu ya kichwa, na hakuna mhariri aliyenikata hata sentensi moja. Ninachokiungama leo ni kwamba wakati nikiwaambia watoto wenu wasione haya, mwanangu mwenyewe, binti yangu wa pekee, mwenye shahada ya ugavi, alikuwa chumba cha pili kutoka mezani pangu, mlango umerudishwa na pazia limeshushwa, kwa sababu mtaa mzima ulijua kwamba yuko Dodoma.

Uongo wenyewe sikuupanga. Alikuwa kweli amekwenda Dodoma, siku mbili, kufanya usaili wa kazi wizarani. Nafasi zilikuwa za kuhesabu kwa vidole, na watu walikuwa wengi hadi wengine wakafanyia mtihani nje, karatasi mapajani. Siku hiyo hiyo mimi nilikuwa kwenye arusi hapa mjini, na wanawake wakaniuliza, "Mwanao siku hizi yuko wapi?" Nikajibu, "Yuko Dodoma, mambo ya kazi." Basi. Yaliyobaki waliyajaza wenyewe: mashallah, kapata kazi Dodoma, kumbe, hongera mama, kumsomesha ulimsomesha. Nilikuwa na nafasi ya kusema hapana, ni usaili tu. Kinywa kikafunguka, nikatia pilau. Keshokutwa yake mtoto akarudi na basi la jioni, kajifunika mtandio hadi puani, na tangu siku ile hakutoka tena mchana. Alifua nguo zake na kuzianika ndani. Kikohozi alikimeza. Idi ilipofika nikamtangaza kuwa amekuja likizo, akapata siku tatu za jua, akatembelea watu kavaa vizuri, akaulizwa habari za Dodoma akazijibu, kisha nikamrudisha "kazini", yaani chumbani. Jirani mmoja aliniletea bahasha ya vyeti vya mwanawe ili binti yangu amsukumie huko wizarani. Niliipokea kwa mikono miwili. Naandika haya na masikio yananiwaka.

Siku ya siku nilikuwa nimekwenda Dar es Salaam kwenye ofisi za gazeti, na mtoto, kwa kudhani hakuna atakayekuja, akaanika nguo uani kama watu wengine. Nilirudi mchana nikamkuta bibi yule ameketi barazani kwangu, mguu juu ya mguu, anatafuna tambuu, macho yake yale mabovu ameyaelekeza kwenye kamba.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Doti ile nyekundu ya nani?"

"Yangu."

"Wewe tangu mumeo atangulie huvai nyekundu. Na gauni lile la kiuno cha nyigu, nalo lako?"

Nikaanza kuzianua nguo. Akasema, "Mwanao yumo ndani."

"Yuko Dodoma, bibi."

Hakubishana nami. Aligeuza tu kichwa kuelekea dirishani akaita kwa sauti yake ile ya kwenye ngoma, "Ewe mwari!" Na kutoka nyuma ya pazia mwanangu, aliyefundishwa mwaka mzima na zaidi kutojibu mlango, simu wala radi, akajibu, "Abee."

Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye alitema tambuu yake pembeni taratibu, akajifuta, akaniambia maneno ambayo sikuyapenda na bado siyapendi. "Mimi nimeweka wari ndani tangu wewe hujazaliwa. Mwari huwekwa kwa siku zinazojulikana, na huwekwa kwa kuwa iko siku ya kutoka. Wa kwako anatoka lini?" Nikamwambia akipata kazi. "Na hiyo kazi itamwonea wapi? Itapiga hodi? Itachungulia pazia?" Nikaanza kumweleza hali ya ajira nchini, maana hilo nalijua vizuri, nimeliandikia. Akainua mkono. "Mficha uchi hazai, mwanangu. Hayo mengine kawaandikie wenye magazeti. Jumamosi saa tatu mwari anatoka."

Nanyi mnajua mwari wa kwetu anavyotolewa: hupambwa, hushikwa mkono, hupitishwa kwa wakubwa mlango kwa mlango akasalimu, watu wakamwona kwamba yupo na amekua. Jumamosi bibi alikuja na mwavuli wake. Mapambo hakutaka. Alimwambia mtoto avae gauni lile lile alilolivaa kwenye usaili. Mtoto akachukua bahasha ya vyeti, bibi akamwambia aiache, hakuna asomaye vyeti mlangoni. Kisha akamfunda maneno ya kusema kila nyumba, naye akayarudia mbele yangu: "Shikamoo. Sikupata kazi Dodoma. Niko hapa hapa, natafuta." Bibi akanigeukia. "Na wewe mama mtu unafuata nyuma, ndiyo mila." Nikasema siendi. Nikamwambia anadhalilisha mtoto wa watu, anacheza na mila, na kwamba akitoka naye mlango ule asirudi tena kwangu. Wakatoka. Nami nikaenda chumbani kwa mwanangu, nikasimama nyuma ya pazia lake, nikachungulia.

Yaliyotokea huko alinisimulia mwenyewe. Nyumba ya kwanza ilikuwa ya yule jirani aliyeniletea bahasha. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Basi mwambie mama aniletee vyeti vya mwanangu," akafunga mlango. Nyumba ya pili mwenyewe alicheka hadi akashika ukuta, kisha akawatilia chai. Ya tatu mama alimvuta mtoto jikoni akamnong'oneza kwamba hata wa kwake, anayesemekana yuko Arusha, yuko kwa shangazi yake Kerege analala hadi adhuhuri. Walizunguka hivyo hadi dukani kwa mzee mmoja ambaye wazee wake walitoka Oman zamani, mtu wa mananasi na korosho, mkali, hana maneno mengi. Akamuuliza mtoto amesomea nini. "Ugavi, babu." Ndiyo nini? "Kuhakikisha kitu kinafika kinakotakiwa, kwa wakati, kikiwa kizima." Mzee akavua miwani. "Kikiwa kizima? Mimi mananasi yangu ya Kiwangwa yanafika mjini yamekuwa juisi. Jumatatu nenda kaangalie, kisha uniambie."

Msidhani nawaletea hadithi ya mafanikio, maana hizo nimezichoka. Mtoto yuko Kiwangwa hadi leo, anapanga lini nanasi likatwe, gari lipi lilibebe na lipitie njia gani. Ujira ni mdogo, mvua ikikata barabara hakuna kazi wiki nzima, na kila nafasi ya serikali ikitangazwa bado anaomba, na ana haki ya kuomba, kwa sababu tulimwambia sisi wenyewe asome ili aajiriwe. Bado nakereka kila nikisoma tangazo linalomtaka kijana aliyemaliza chuo juzi awe na uzoefu wa miaka mitano. Aliupata wapi, tumboni? Bado nakereka na wakubwa wanaopanda jukwaani kuwaambia vijana wajiajiri, kisha wakishuka wanapiga simu kuwatafutia wana wao nafasi. Hasira hizo ninazo na sizitupi. Lakini hakuna mkubwa yeyote aliyemfungia binti yangu chumbani. Nilimfungia mimi, kwa sababu niliona heri akonde gizani kuliko mtaa ujue kwamba shahada haijazaa. Kungwi yule hakumpa kazi, hakuwa na kazi ya kumpa mtu. Alimrudishia mchana wake, na yaliyofuata yaliwezekana kwa sababu watu walijua yupo.

Nami nilimnunia miezi mitatu. Marufuku yangu hakuijali. Alirudi kama kawaida na simu yake, hodi ikimfuata nyuma, nami nikawa namsomea ujumbe bila kumtazama usoni. Mtoto kila akirudi kutoka Kiwangwa humpelekea nanasi Kaole. Mimi sikupeleka kitu. Mara ya mwisho alipokuja, wiki mbili kabla hajafa, alimaliza kusomewa, akakunja kanga yake, akauliza, "Yale ya mwanao umeshayaandika?" Nikasema bado. "Basi wiki zote hizi unawaandikia nini?" Nikamwambia mambo ya maana. Akamaliza kikombe chake, akasema chai leo ina tangawizi, akaondoka. Sikumwambia ahsante siku ile wala siku nyingine yoyote, na hilo linaniuma, wala sitafuti njia ya kulipamba.

Jumanne hiyo, wanaume walipokwenda makaburini, sisi wanawake tulibaki nyumbani kwake mikekani. Kila mtu alimsifu, hata waliokuwa wakizima redio na kujifanya hawapo wakisikia mwavuli wake unagonga njiani. Mgeni mmoja akaniuliza, kama inavyoulizwa siku zote, mwanao yuko wapi. Nikasema yuko Kiwangwa kwenye mananasi, mwaka mzima alikuwa ndani kwangu nikidanganya yuko Dodoma. Yule mgeni, kwa kutafuta pa kutokea, akamgeukia jirani yangu wa nyumba ya pili kutoka kwangu, mjane kama mimi, ambaye mwanawe wa kiume alimaliza chuo mwaka juzi. "Na wako?" Jirani akasema, "Yuko Mwanza, kazini, alhamdulillahi," akajishughulisha na ushungi wake. Nami nikayakumbuka mambo niliyokuwa nikiyaona kila siku nikipita uani kwake bila kuyafikiria.

Nyinyi mnaoniandikia mkiuliza mfanye nini, sina jipya la kuwaambia zaidi ya hili: semeni mlipo. Kazi huenda isije hata hivyo, lakini haiji kabisa kwa mtu ambaye mama yake amewaambia watu yuko mji mwingine. Na sisi wazazi tuache kuona haya kwa niaba ya watoto wetu, maana haya hiyo ni yetu na wanaoilipia ni wao.

Tulipoinuka kwenda kutia udhu nilimfuata jirani yangu kwenye pipa la maji. Nikamuuliza kwa sauti ya chini zile suruali kwenye kamba yake ni za nani. Alimwaga maji mkononi mara mbili kabla hajajibu. "Za kwake," akasema. Ruhusa ya kuandika haya amenipa mwenyewe. Najua mtoto wa kiume hana kungwi, na mimi ukungwi sikuufundwa, lakini nilimwambia Jumamosi saa tatu nitapita: kijana awe ameoga, avae shati zuri, bahasha aiache ndani. "Na mimi nibaki?" akaniuliza. Nikamwambia hapana, dada. Safari hii mama mtu anafuata nyuma, nami nitakuwa naye.