Nyumba Isiyoitika Hodi

Hata leo nikipita dukani nikasikia harufu ya vijiti vya udi, husita kidogo. Harufu hiyo ilikuwa imekolea katika kuta za nyumba tuliyopewa mjini Arua, mwaka ule wa 1972 Wahindi walipofukuzwa nchini. Baba yangu alikuwa askari, na askari siku hizo walipewa nyumba za watu kama mgeni anavyopewa kiti.

Tulitoka Koboko juu ya lori, mimi nimekalia gunia la muhogo, naota taa za umeme. Tukakuta ukumbi mrefu wa giza, mapazia mazito, na picha ya mzee mwenye ndevu aliyenifuata kwa macho kila nilikokwenda. Sebuleni ilining'inia bembea ya minyororo. Upepo ukiingia, ililia peke yake. Siku za kwanza nilijifunika shuka hadi kichwani. Haukupita mwezi, bembea ikawa yangu, na ole wake mtoto wa jirani aliyeigusa.

Mama hakuzoea. Yeye alikuwa Mkakwa wa Koboko, baba Mlugbara wa Ayivu, kwa hiyo nyumbani tulisema Kiswahili cha kambini. Kila alipotoka sokoni au kisimani, alisimama mlangoni akapiga hodi, akangoja. Asipoitikiwa, alizunguka nyuma akaingilia jikoni, na huko ndiko alikolala, kwenye mkeka. Majirani walimcheka. Nguo ya kuazima haisitiri matako, aliwajibu, tena bila haya.

Baba alimwambia hakuna mzimu mle ndani.

"Mutu imekufa haina haja na nyumba," mama akasema. "Hawa wenye nyumba iko hai."

Kisha akaanza kusema atarudi Koboko. Hapo niliogopa kweli, kwa maana nilimtaka mama na nyumba niliitaka pia. Nikawaza kwamba kama tatizo ni hodi kukosa jibu, basi dawa ninayo. Alasiri moja nikajificha nyuma ya pazia. Mama akapiga hodi. Nikaifanya sauti nzito, nikajibu taratibu, "Karibu. Ingia ndani."

Debe la maji likaanguka. Nikasikia nyayo zake zikikimbia uani.

Kesho yake alipanda lori la Koboko. Baba aliniuliza kama nataka kumfuata, nikasema shule iko karibu na hapa. Shule ilikuwa kisingizio tu. Nikaishi nikiamini nimemtisha mama kwa mzimu wa uongo, na aibu ilinizuia hata kwenda kumsalimu. Nilijiambia hofu ikimwisha atarudi.

Vita vya 1979 vilipotufukuza Arua, tulikimbilia kwake Koboko. Jioni ile nilimweleza yote. Aliendelea kukoroga uji.

"Mi nilijua ni wewe," akasema. "Sauti ya mutoto yangu, nitakosa kujua? Niliogopa sababu ulisema karibu kama mwenye nyumba."

Akanionyesha kibanda cha nyasi kando ya jiko. Alikuwa amekijenga mwaka ule ule alioondoka, ili nikija nipate pa kulala, na kila lori liliposimama barabarani alitoka kuangalia kama nimeshuka.

Moyo uliniuma, na mpaka leo unaniuma. Yeye aliningoja Koboko na mimi nikamngoja Arua, tukangojana hivyo mpaka utoto wangu ukaisha.