Debe la Udongo wa Misonobari

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya hamsini, nyapara wa kitalu cha misonobari kule Mufindi alinishika mkono, akakitazama kiganja, akanisalimu kwa Kihehe, "Kamwene," kisha akasema, "Utaweza." Kitalu ni mahali pa kukuzia miche, na nyapara ndiye aliyetusimamia vibarua. Mzee yule alinidhamini. Bila yeye nisingeandikwa kazi.

Msonobari ulikuwa mti mgeni. Bwana Misitu, Mzungu mkuu wetu, alisema kwao kaskazini umefunika nchi nzima na unasimama kwenye theluji bila kupukutisha majani. Nilimsikiliza kwa sikio moja. Mti unaoishi ndani ya barafu, nani aliuona?

Miche yetu ikadumaa, ikawa ya njano. Bwana Misitu akanituma kwenye misonobari ya zamani ya misheni, nichimbe udongo wa chini yake, wenye nyuzi nyeupe kama ukungu wa kiporo.

"Debe moja kila tuta," akasema.

"Kwa nini, Bwana?"

"Mizizi inataka mwenzake. Changanya tu."

Mwenzake nani? Tena misonobari ile ilipakana na makaburi, na udongo wa mahali kama pale hauchukuliwi ovyo. Niliona wazi kuna jambo tunafichwa. Basi debe la tuta la mwisho nikalimwaga korongoni, nikatia udongo wa kawaida, nimnase Mzungu na uongo wake.

Baada ya miezi kadhaa matuta mengine yote yalikuwa ya kijani. La mwisho miche yake ilikufa. Kumbe zile nyuzi ni za uyoga unaoilisha mizizi ya msonobari. Huyo ndiye mwenzake.

Bwana Misitu alimwita nyapara. "Tuta hili ni la nani?"

"Yote ni yangu, Bwana."

Akafukuzwa palepale, nami nimesimama na jembe. Niliogopa kukiri, na aibu ile ninayo hadi leo.

Nilimsindikiza hadi barabara ya Iringa. "Nilikuona ukimwaga, mwanangu," akasema. "Ningeweza kukuzuia. Lakini na mimi nilitaka kujua."

Baadaye nilihamishiwa Mbeya, nikapanda vyeo, nikastaafu kwa heshima. Vijana huniuliza kazi nilijifunzia wapi. Nawajibu kitaluni, wanaridhika. Siwaambii kwamba Jumatatu iliyofuata Bwana Misitu alinipa unyapara wa yule mzee, nikaupokea.