Rauta ya Mama wa Kwaya

Rauta niliinunua Kasese mjini, nikasafiri nayo hadi kwetu Bwera, mpakani mwa Uganda na Kongo, nimeipakata. Ilikuwa nyeupe, yenye antena mbili za kusimamisha na kulaza, tundu la laini ya simu ubavuni, na taa tatu mbele: ya umeme, ya mtandao na ya waifai. Muuzaji aliniambia inaweza kuhudumia simu thelathini kwa mpigo. Nikamjibu kwamba inakwenda kwa mama yangu, mjane mwenye simu moja ya katochi, ile ndogo ya vitufe na tochi, hizo nyingine atazitoa wapi. Laiti ningenyamaza.

Sababu ya kuinunua ilikuwa mdogo wetu wa mwisho. Alikuwa Uarabuni, akifanya kazi za nyumbani. Kila Ijumaa mchana waajiri wake walikwenda kutembelea ndugu zao, naye akapata nafasi ya kutupigia. Kila wiki alisema yuko sawa, na kila wiki Mama alirudisha simu kwangu amekunja uso.

"Sauti inaweza danganya," alisema. "Mutu akiteseka anaanza kukonda huku kwa shingo. Mimi nataka kuona shingo ya mutoto wangu."

Mama aliuza vitenge soko la mpakani miaka mingi, na Kiswahili chake kilikuwa cha ng'ambo ya mto, cha Kongo. Alikuwa pia kiongozi wa kwaya, mtu wa kukohoa mara moja na wanaume wenye ndevu wakanyamaza. Lakini kwa ajili ya shingo ile alikuwa hapati usingizi. Picha za video hazikupita kwenye simu yangu pale nyumbani, kwa hiyo tukaweka matumaini yote kwenye rauta.

Mimi, binti yake, nina duka la vifaa vya ujenzi. Nauza nyaya, mabomba na makufuli, kwa hiyo sikuona haja ya kumwita fundi. Karatasi ya maelekezo niliitupa pembeni. Nikachomeka laini, nikaiweka rauta kwenye dirisha la magharibi, nikasimamisha antena. Taa ya mtandao ikawa nyekundu. Kumbe ilikuwa imeshika mnara wa Kongo, ikavuka mpaka bila hata kuonyesha kitambulisho! Nikaihamishia juu ya kabati, upande wa milima, nikaizima na kuiwasha upya. Ikawa kijani. Mama akaifunika kitambaa cha kufuma. Nikakiondoa kwa sababu kifaa kinapata joto. Akakirudisha, ila safari hii akakitandika chini yake.

Jina la waifai alichagua mwenyewe: Mama wa Kwaya. Likaonekana kwenye simu za watu hadi kule kwenye maduka.

"Na nenosiri?" nikamuuliza.

"Weka jina ya mutoto."

Sasa hapo ndipo tulipojimaliza. Kwetu Wakonzo jina la kuzaliwa halichaguliwi, linahesabiwa. Msichana wa kwanza ana lake, wa pili ana lake, wavulana vivyo hivyo, na ni yale yale katika kila nyumba kuanzia Karambi hadi Kitswamba. Ukiita jina la msichana wa tatu sokoni, nusu ya soko inageuka. Mdogo wetu ni msichana wa nne, na hakuna mtu Bwera asiyejua Mama ana wasichana wangapi. Rauta ilitaka herufi nane, jina halikufika, nikaliandika mara mbili. Nikajipongeza! Mimi, muuza makufuli.

Ijumaa ilipofika, Mama alivaa gomesi, lile gauni lake refu la kanisani. Simu ikaita, nikapokea, na kwenye kioo kikatokea kipaji cha uso na jicho moja. Vikaganda hapo hapo. Sauti ilikuja vipande vipande, kisha haikuja kabisa. Mama aliliangalia lile jicho mpaka nafasi ya mdogo wangu ikaisha.

Nilichemka. Nikafungua ukurasa wa rauta, ule unaoonyesha nani ameingia, nikakuta simu nyingi kuliko vikombe vya nyumba. Nikatoka nje. Kwenye ukuta wetu alikuwa ameketi jirani yetu, mwanajeshi mstaafu aliyetoka mashariki akaoa huku, akiangalia mpira.

"Afande, hiyo ni waifai ya nani?"

"Ya Mama wa Kwaya," akajibu bila kuona haya. "Jina ya mutoto ilikataa mara moja. Nikaandika mara mbili, ikakubali. Iko nzuri sana, asante!"

Huyo hata si Mkonzo. Nikarudi ndani nikiwa na pini ya nywele mkononi, ya kudunga kile kitundu cha nyuma kinachofuta kila kitu, ili nianze upya na nenosiri ambalo shetani mwenyewe asingelikisia. Mama akasimama kati yangu na kabati.

"Unataka kufukuza batu?"

"Mama, wanatuibia!"

"Hawa batu baliketi hapa siku ngapi tukizika baba yako? Balilala kwa hii simiti. Sasa waketi tena. Ijumaa wazime simu zao, wakuje hapa, waone mutoto pamoja na sisi."

Nikasema hakuna atakayekubali kuzima simu. Mama akakohoa, na mjadala ukaishia hapo.

Ijumaa iliyofuata walikuja wote. Mabenchi ya kanisa yaliingizwa sebuleni, viti vya plastiki vikapangwa ukutani, na wanawake waliokosa nafasi wakaketi mkekani. Afande alijipa ukuu wa shughuli.

"Simu zima! Yote! Weka mezani! Na mutu asiongee, mutandao inasumbuka!"

Mtandao hausumbuliwi na maneno ya watu, lakini nilikuwa nimechoka kubishana. Simu zikarundikwa mezani. Afande akavua kofia, akaiweka gotini. Kukawa kimya kabisa, na taa ya kijani ikawa inawaka bila kutikisika.

Simu yangu ikaita. Safari hii uso ulitokea mzima, safi, na mdogo wangu akitabasamu. Nilifurahi mpaka nikaruka. Lakini Mama, kabla hata ya kuangalia vizuri, alitaka mtoto awaone watu wake. Akaninyang'anya simu, akaniamuru nimgeuzie kamera itazame watu badala ya uso wake, nikabonyeza, naye akaanza kuizungusha polepole: mabenchi, mkeka, afande bila kofia, mimi.

Tabasamu la mdogo wangu likazimika.

"Dada," akasema. "Mama iko wapi?"

Hapo ndipo na mimi nikaiona ile sebule kama alivyoiona yeye. Viti ukutani, wanawake chini, watu wazima wamenyamaza wakimtazama. Mara ya mwisho kuiona hivyo tulikuwa tunamzika baba. Na katika watu wote wale, aliyekosekana ni mmoja.

"Mama iko wapi? Dada, Mama iko wapi?"

Mimi nikaanza kupenya kati ya watu kumfikia Mama. Wengine walikuwa bado wanatii amri ya afande.

"Niko hapa!" Mama akapiga kelele. "Si ni mimi nashika simu!"

"Sikuoni!"

Mama akaiinua simu juu, akaishusha, akaigeuza akijitafuta. Uarabuni wakaonyeshwa dari, waya wa balbu, kisha sakafu.

"Naona miguu," mdogo wangu akasema. "Hiyo ni miguu ya Mama, imesimama." Akaanza kulia.

Niliruka mabenchi nikageuza kamera. Nyuso zao zikakutana, zote mbili zimelowa, na sebule nzima ikapumua. Afande alivaa kofia, akaivua tena, akawa hajui aifanye nini.

"Wacha kulia," Mama akamwambia. "Inua kichwa. Nione shingo."

Mdogo wangu akafuta machozi kwa kiganja, akainua kidevu. Akageuka kulia, akageuka kushoto. Mama alikagua taratibu, kama alivyokuwa akikagua kitenge kutafuta dosari.

"Shingo iko," akasema mwishowe.

Kisha akafungua kitambaa alichojifunga shingoni, akainua kidevu chake mwenyewe mbele ya simu.

"Na wewe angalia yangu."

Na mdogo wangu, kule kwenye nyumba ya watu, akasogeza uso karibu na kioo, akaangalia.