Taa Nyeupe Ndani ya Kamio

Mume wangu alifunga mlango wa nyuma wa kamio, lori lake, tukiwa wote wawili ndani, saa sita mchana, ili tulipime giza lake. Jua la Kalemie lilikuwa linachoma bati juu ya vichwa vyetu, lakini mle ndani sikuuona hata mkono wangu.

"Sasa chagua taa," aliniambia. "Ni wewe, wewe njo mwenye kushona. Mimi nitalala tu."

Lori hilo kuukuu, lenye sanduku la bati nyuma, alikuwa ameliendesha miaka mingi kwenye njia ya Nyunzu, akipeleka chumvi na sabuni na kurudi na karanga. Mimi nilikuwa na chumba changu cha kushonea karibu na ziwa, mpaka maji yalipopanda, yakaingia ndani na kukataa kutoka. Tuliokoa meza na cherehani moja. Siku chache baadaye akasema, bila mimi kumwomba, kwamba sanduku la kamio lingeweza kuwa nyumba. Kitanda kingekaa upande mmoja na cherehani upande wa pili. Tungetembea soko kwa soko, yeye akiendesha, mimi nikishona sare za shule. Nilifurahi, na nilishangaa pia. Kamio ile alikuwa akiilinda kwa wivu kiasi kwamba hata kuku hakupata ruhusa ya kupanda mbele.

Kuchagua taa nilidhani ni kazi ya asubuhi moja. Sokoni nikamwomba muuzaji taa yenye wati nyingi, kwa sababu tangu utoto wangu wati ndizo zilikuwa mwangaza. Akatikisa kichwa.

"Mama, ile ya zamani ilikuwa inakula umeme na kutoa joto. Hii ya LED inakula kidogo, inaangaza sana. Usihesabu wati."

Akaniuliza kamio ina volti ngapi. Sikujua. Akaniuliza batri yangu ni kubwa kiasi gani, na taa zitawaka saa ngapi kwa siku. Sikujua. Akaniuliza kama nataka mwanga mweupe au wa njano, nami sikujua kwamba muntu anaweza kuchagua. Angalau hilo nilikuwa na njia ya kulipima. Nilikuwa na vibiringo viwili vya uzi kwenye mfuko, kimoja cha bluu ya sare na kingine cheusi. Niliviweka chini ya taa ya njano, vikawa rangi moja. Chini ya nyeupe vikaachana. Basi nikachukua nyeupe, utepe mrefu wa vitaa vidogo, nikarudi nyumbani nikijiona nimeelimika.

Mume wangu aliichukua pakiti, akaiweka mbali na uso, kisha akaileta karibu, akaigeuza.

"Ishirini na nne," akasema. "Inafaa. Kamio yetu ni ya ishirini na nne."

Akaunga waya kwenye batri za injini. Utepe uliwaka mweupe wa kuumiza macho, nikapiga makofi. Kabla sijamaliza kuyapiga, harufu ya plastiki inayoungua ikajaa mle ndani na taa zikazimika kipande kwa kipande. Niliokota pakiti. Ilikuwa imeandikwa kumi na mbili.

"Herufi ndogo sana," alisema, akatoka nje.

Nilibaki nimeishika pakiti. Huyu alikuwa muntu aliyewafundisha wengine kuunga batri. Na zile tarakimu hazikuwa ndogo.

Nikaenda kumwita fundi wa umeme, mama mmoja wa rika langu aliyekuwa akitengeneza redio na pano za jua, zile paneli za umeme, ng'ambo ya daraja la Lukuga. Alikuja, akakagua, akasema tusiguse tena batri za injini. Tuweke batri ya nyumba peke yake, ya volti kumi na mbili, na pano ya jua juu ya bati, ili taa zisije zikatuacha njiani na kamio isiyowaka. Maneno yake nilielewa nusu. Nusu nyingine nilitikisia kichwa.

Alifunga taa mbili nyeupe kwenye dari. Nikaketi kwenye cherehani, nikatunga uzi kwenye sindano kwa jaribio la kwanza. Nikamwita mume wangu aje kuona. Alisimama mlangoni, akaweka mkono juu ya macho.

"Kuna giza," alisema.

Nilidhani anatania. Kesho yake nikamwomba fundi aongeze taa ya tatu. Mume wangu akapanda, akajigonga kwenye kona ya meza, akaketi kitandani ameinamisha kichwa.

"Sasa njo mbaya zaidi, Mama."

Hapo kichwa changu kilivurugika kabisa. Nilikuwa naongeza mwangaza, na muntu ananiambia giza linaongezeka. Nikawaza kwamba amejuta kunipa kamio yake, na anatafuta njia ya kunitoa bila kuniambia. Siku mbili tulikula ugali wa bukari na samaki wadogo wa ndakala, kila mmoja upande wake. Siku ya tatu nikamwambia fundi azing'oe zote.

Fundi hakung'oa chochote. Alimwomba mume wangu aketi akielekea taa, akamwonyesha vidole.

"Papa, ngapi?"

Akafinya macho, akageuza uso. Fundi akamgeuza, taa ikawa mgongoni pake, akaifunika nusu kwa kiganja chake.

"Na sasa?"

"Viwili."

"Tangu lini, Papa?"

Alijibu akimtazama fundi, si mimi. Tangu kabla ya mvua za mwaka uliopita. Kila taa ya gari iliyomjia mbele ilikuwa inapasuka na kutawanyika kwenye macho yake. Safari ya mwisho kutoka Nyunzu alikuwa amemwona muntu wa baiskeli akiwa ameshamfikia karibu kabisa, akakwepa, akasimamisha kamio. Hakujua jinsi ya kuniambia kwamba ameacha kuendesha. Kamio ikiwa nyumba, alisema, hakuna atakayeuliza kwa nini imesimama.

"Na yale masoko uliyoniahidi?" nikamuuliza.

"Nilifikiri utazoea kukaa."

Nilitaka kukasirika. Nilitaka pia kumshika kichwa na kukiweka kifuani. Sikufanya hata moja, nikaanza kukunja kitambaa ambacho tayari kilikuwa kimekunjwa.

Hospitalini walimwambia ni mtoto wa jicho, pande zote mbili, ukungu unaotawanya mwanga mkali na kufunika kila kitu. Tulingoja hadi madaktari wa macho walipofika mjini, nao wakamtengeneza jicho la kulia. La kushoto bado linangoja. Fundi alirudi akapanga taa upya. Upande wa kitanda aliweka moja ya njano, ya wati chache, nyuma ya ubao, ili mwanga wake ugonge dari kwanza. Juu ya cherehani alibakiza nyeupe moja tu, yenye kifuniko na swichi yake. Mbili alizozitoa alisema hatukuzihitaji tangu mwanzo, na batri ingechoka bure.

Kamio bado imesimama uani. Wateja wanapanda ngazi kuja kupimwa. Sijui kama nimepewa zawadi au nimedanganywa, na nikimuuliza anasema hata yeye hajui.

Wiki iliyopita alichukua sare niliyokuwa nashona, akafunika jicho moja, akalifunua, akafunika lingine.

"Kwa hili jipya njo bluu sana," alisema. "Kwa lile la zamani ni kama udongo. Kitambaa chenyewe ni cha rangi gani?"

"Bluu," nilimjibu.

Alikigeuza tena chini ya taa, akaonekana hajaridhika, akanirudishia.