Safari ya Kulitafuta Goli la Baba yake Walter

Niliondoka Morogoro mwezi wa Novemba kwa sababu moja tu: kumwona mdogo wangu Neema, muuguzi huko Marekani, ambaye hatukuwa tumekaa naye meza moja kwa miaka tisa. Mimi ni mwalimu wa michezo wa sekondari. Wanafunzi wangu waliniagiza viatu, na mke wangu aliniagiza nisiende kubishana na wenyeji kuhusu mpira. Viatu nimevileta. Hilo la pili someni wenyewe.

Uwanja wa ndege wa Minneapolis, saa kumi jioni, Neema alinipokea na koti nene kama godoro. "Vaa kwanza, Kaka, salamu baadaye," alisema. Nikadhani ananitania. Mlango ulipofunguka nililivaa bila kuuliza mikono inapitia wapi. Kwake ni kitongoji cha Hopkins, katika jengo la zamani ambalo mabomba yake hugonga ukutani kama mgeni asiyefunguliwa. Tukala ugali na samaki, tukazungumza mpaka sauti zikatukauka.

Siku ya tatu, mji jirani wa Inver Grove Heights. Neema alinipeleka kwenye kituo cha wazee anakofanya kazi, nikamsalimie Mzee Walter, mwenye miaka tisini na mitatu, ambaye macho yake yalikuwa yanafifia.

"Neema anasema wewe ni kocha," aliniambia.

"Wa mpira wa miguu, Mzee."

"Baba yangu naye alicheza mpira wa miguu chuoni."

"Ule wenu mnaushika kwa mikono," nikamsahihisha, maana Wamarekani huuita hivyo mpira wao wa kubeba mikononi.

"Na miguu tunakimbilia. Ulitaka tukimbilie masikio?"

Tukabishana hivyo nusu saa, na kufikia mwisho tulikuwa marafiki. Ndipo akanieleza shida yake. Mwanzoni mwa karne iliyopita baba yake aliichezea timu ya chuo kidogo upande wa Saint Paul. Alikuwa akiwasimulia watoto wake kwamba aliubeba mpira uwanja mzima, akafunga goli la ushindi, "na hakuna hata mmoja aliyenigusa." Walter aliipokea hadithi hiyo akawapa wajukuu. Lakini mjukuu mmoja, mwanasheria, alimwambia mbele ya watu kwamba ni porojo za familia.

"Alhamisi wanakuja wote kula bata mzinga wa Sikukuu ya Shukrani," alisema Walter. "Nataka mtu anisomee magazeti ya chuo kabla ya siku hiyo. Mimi siwezi tena."

Neema alikuwa hana shifti Jumanne. Akampigia simu binti yake Walter kuomba ruhusa, akaipata.

Jumanne, saa nne asubuhi, tulivuka mto Mississippi tukiwa watatu garini, Walter mbele, na fremu yake ya kutembelea yenye magurudumu ikiwa mapajani mwangu. Mama mmoja mpole wa maktaba ya chuo alituletea kitabu kikubwa cha magazeti ya wanafunzi yaliyojalidiwa. Neema alikuwa bado anatafuta pa kuegesha gari. Nikaanza kusoma kwa sauti.

Mechi ya kwanza walifungwa. Ya pili walifungwa vibaya zaidi, na nahodha akapoteza jino.

"Endelea, Kocha."

"Mzee, na hii tumefungwa," nilisema, nikashangaa kwamba nimeshajiunga na timu.

Nilipofika mechi ya mwisho, macho yangu yalitangulia sauti. Gazeti lilieleza kwamba treni ya wapinzani ilikwama kwenye theluji. Mwamuzi, aliyekwisha fika, akaamua kwamba wenyeji wakiubeba mpira hadi ng'ambo ya uwanja watahesabiwa ushindi. Kazi hiyo akapewa baba yake Walter.

Nilijua naweza kudanganya. Mzee asingeona. Ningeongeza mabeki wawili watatu pale, na Alhamisi ingepita salama. Neema akaingia, akasoma juu ya bega langu, kisha akaniangalia kwa lile jicho la mama yetu. Nikasoma kama ilivyoandikwa, mpaka sentensi ya mwisho: "Alikimbia uwanja mzima bila kuguswa na mtu, kwa kuwa mtu hakuwepo."

Walter aliinamisha kichwa. Mabega yakaanza kutikisika, nikaogopa kwamba nimemliza. Kumbe anacheka.

"Hakuna aliyenigusa," alisema, akifuta macho. "Mzee wangu hakudanganya hata neno moja."

Nyuma ya maktaba, saa sita mchana, uwanja wenyewe bado upo, siku hizi ni nyasi tupu, siku ile zikiwa na theluji kidogo. Walter akataka kuuvuka. Akachukua kofia ya sufu ya Neema, akaikunja, akaibana kwapani kama mpira.

"Baba alikosa mpinzani," aliniambia. "Simama pale unizuie."

Alipokaribia na fremu yake nikasogea pembeni kwa heshima. Akasimama.

"Umeniachia."

"Ndiyo, Mzee."

"Rudi. Zuia unavyofundisha."

Nikarudi, nikatanua mikono. Akaelekeza magurudumu kushoto, nikamfuata; akayageuza kulia, nikateleza, nikakaa chini. Yeye akapita taratibu hadi mwisho wa nyasi. Neema alicheka mpaka akashikilia mti. Mpaka leo anadai nilianguka makusudi. Sikuanguka makusudi.

Alhamisi Walter aliwasimulia wote, treni na theluji pamoja. Mwanasheria alisikiliza, akaomba kuziona nakala tulizopewa maktabani, akazisoma huku chakula chake kikipoa.

Jumapili nilipanda ndege kurudi. Nilichojifunza ni kwamba nilikaribia kumnyang'anya mzee kicheko chake kwa kumhurumia, na tangu hapo mtu akiniomba nimsomee jambo, nasoma lote.

Neema ananiambia mjukuu yule sasa huja kila wiki kumsomea babu yake mechi moja kutoka kwenye nakala zile, na zikiisha huanza upya, hata zile walizofungwa. Wiki iliyopita timu ya chuo ilifungwa tena, na Mzee Walter alimkasirikia mwamuzi hata akaikataa chai.