Mwezi Mdogo wa Aprili

Mwaka ambao jicho langu la kushoto lilianza kuniharibikia, nilikuwa nimepewa kazi ya kutazama mwezi. Mhariri wa gazeti ninaloliandikia safu alitaka makala fupi kila mwezi unapojaa: lini unaikaribia dunia, lini unajitenga nayo, lini unapatwa. Alisema amenichagua kwa sababu naishi Machakos, ambako bado kuna giza la kutosha. Mpaka leo sijui kama hiyo ilikuwa sifa kwa anga letu au lawama kwa taa zetu za barabarani.

Mimi ni mtu wa fasihi. Elimu yangu ya mambo ya angani ilikomea shule ya msingi, siku mwalimu alipotumia chungwa, ndimu na tochi kutuonyesha jinsi dunia inavyozungukwa, kisha akamenya chungwa akala. Kwa hiyo nilisoma upya. Nikajifunza kwamba njia ya mwezi si duara kamili, kwamba kuna siku unatusogelea na siku unatuhama, na tofauti kati ya karibu na mbali ni kama kilomita elfu hamsini. Ukijaa wakati uko karibu, huonekana mkubwa kidogo. Ukijaa ukiwa mbali, huonekana mdogo kidogo. Vitabu vilisisitiza hilo neno "kidogo". Vilisema mtu asiyeambiwa hawezi kugundua. Lakini msomi akishaambiwa, jambo halihitaji tena kuonekana ndipo alione.

Oktoba ulikuwa mwezi wa karibu kuliko yote mwaka huo. Nilimwita mke wangu kibarazani. Yeye ana duka la dawa za mifugo na mbegu pale mjini, na kwa kawaida jioni huwa amechoka kusikia habari za kupe na minyoo. Mwezi ulichomoza juu ya milima ya Iveti, na sikuwa nimepata kuona kitu kama kile. Ulikuwa umevimba, umezungukwa na utando wa mwanga, kingo zake zimetawanyika kama uji uliomwagika mezani. Nilimweleza yote hayo kwa lugha ya kupendeza. Akatazama, akasema ni mzuri, akaniuliza kama nimefunga kuku.

Makala ilisifiwa. Msomaji mmoja aliandika kwamba alitoka nje akatazama sana, na hakuona utando wowote. Nilimhurumia.

Novemba nikauona mkubwa tena. Desemba, ambapo ulitakiwa kuanza kupungua, ukakataa kupungua. Nikaeleza kwamba ni vumbi la kiangazi, lile linalotoka kwenye machimbo ya mawe kule Lukenya na kutanda hewani. Mvua za masika zilipoanza nikaeleza kwamba ni unyevu. Magari tuliyopishana nayo jioni yalikuja na taa zilizochanua miale kama jua la kwenye daftari la mtoto wa chekechea, nikayashutumu kwa kufungwa balbu kubwa kuliko sheria inavyoruhusu. Nilikuwa na maelezo ya kila kitu. Kitu kimoja tu sikukitaja, hata moyoni mwangu, nacho ni baba.

Baba yangu alikuwa mkulima huko Mwala, na alikufa akiwa kipofu. Ilikuwa presha ya macho, ule ugonjwa unaokula uwezo wa kuona kuanzia pembeni, polepole, bila maumivu. Aliuficha kwa miaka. Alikuwa ameukariri mji wake wote, kutoka mlangoni hadi ghalani, kutoka ghalani hadi kwenye mti alipofunga fahali. Tuligundua siku niliyofika nyumbani kutoka Nairobi, nikatundika koti langu mlangoni, nikapitia jikoni kumsalimu mama. Niliporudi sebuleni nilimkuta baba akiliuliza koti langu habari za safari. Hospitalini walituambia tumechelewa. Walituambia pia kwamba ugonjwa huo hupita katika ukoo, na sisi watoto tupimwe kila mwaka. Niliitikia kwa kichwa kama mtu mwenye busara, na sikwenda hata mara moja.

Ndivyo tulivyofika Aprili.

Mwezi wa Aprili ulikuwa wa mbali kuliko yote. Nilikuwa nimeshaandika hivyo gazetini kabla haujajaa. Niliwaambia wasomaji watoke Jumapili jioni wauone ulivyonywea, na nikawafundisha namna ya kuupima: nyoosha mkono, simamisha kidole cha mwisho, na ukucha wake utatosha kuufunika mwezi mzima na nafasi ibaki. Binti yetu, ambaye anaishi Syokimau na kufanya kazi ofisini Nairobi, alikuwa amekuja kututembelea, na makala alikuwa ameisoma kwenye simu. Mchana mvua ilinyesha ikaosha anga. Hakukuwa na vumbi, hakukuwa na wingu. Tukaketi kibarazani watatu.

Ulipochomoza, niliona mwezi mkubwa kuliko ule wa Oktoba. Na ubavuni mwake, ukiuegemea, niliona mwingine.

"Kweli leo ni kadogo," binti yetu akasema.

Mke wangu akakubali, akasema ni kama tembe ya dawa ya minyoo ya mbuzi. Nami nikasema ndiyo, umenywea sana.

Binti yetu alinyoosha mkono, akaufunika kwa ukucha, akacheka kwa kuridhika, akaniambia na mimi nijaribu. Nikanyoosha mkono. Mwanga ulimwagika pande zote za kidole kama maziwa yanayochemka. Nikaurudisha mkono karibu kidogo. Nikaurudisha tena. Nafikiri nilikuwa nimefika mahali ambapo kidole kile kingeweza kuifunika milima yenyewe ya Iveti, nilipohisi kwamba mke wangu alikuwa ameacha kuutazama mwezi na alikuwa akinitazama mimi.

"Unafunika nini, profesa?" Hilo ndilo jina analonipa ninapokuwa mjinga.

Nikamwambia nafunika mwezi.

"Na kidole kiko kwa pua? Hebu funga jicho moja."

Nilifunga la kushoto. Mwezi ukanywea papo hapo, ukawa mdogo kama nilivyoandika, ingawa kingo zilikuwa na ukungu. Nikalifungua hilo la kushoto, nikafunga la kulia, ukavimba na kuzaa pacha. Nadhani uso wangu ulitangaza matokeo. Nilianza kueleza kwamba hewa ya baada ya mvua huwa na matone madogo madogo ambayo huutawanya mwanga.

"Mzee," mke wangu akasema, bila ukali, "ng'ombe akianza kukosa mlango wa boma, watu huja dukani kuniuliza dawa ya ng'ombe. Hakuna mtu amewahi kuja kuniambia mlango umesogea."

Binti yetu alianza kucheka, kisha akaacha. Akaniuliza polepole, kama mtu anayemhoji shahidi anayempenda: Oktoba uliandika kwamba mwezi uko karibu na ni mkubwa, leo umeandika uko mbali na ni mdogo, sasa wewe mwenyewe, baba, leo unauona vipi ukilinganisha na wa Oktoba?

Ningeweza kubishana na mke wangu, na ningeweza kubishana na binti yangu. Kubishana na makala yangu mwenyewe, iliyochapishwa ikiwa na jina langu juu, sikuweza.

"Wa leo ni mkubwa zaidi," nikasema.

Hakuna aliyemtaja baba yangu. Nilijua sote watatu tunamfikiria mtu mmoja, na koti moja. Kisha mke wangu akasema kesho duka halifunguliwi.

Hospitalini kulikuwa na foleni ndefu, na benchi letu lilikuwa karibu na chumba cha kupimia. Mlango ulikuwa wazi. Ukutani kulikuwa na ile chati ya herufi E zinazoelekea pande mbalimbali, na kila mgonjwa aliyeingia alitaja zinaelekea wapi: kulia, juu, kushoto, chini. Sikukusudia kusikiliza. Lakini zamu yangu ilipofika nilikuwa nimekariri mstari wa mwisho, ule wa herufi ndogo kabisa, kama mtoto aliyekariri zaburi kwa ajili ya sikukuu.

Daktari alikuwa mwanamke wa umri wa binti yetu. Alinifunika jicho la kulia, akainua fimbo yake, nami nikaanza kutiririka: kulia, juu, juu, kushoto, chini. Nilimaliza kwa sauti ya ushindi.

"Umejibu vizuri sana, mzee," akasema. "Lakini hiyo laini bado sijakuonyesha. Mimi niko hapa juu, kwa ile kubwa."

Nyuma yangu nilisikia mke wangu akisema "Aiya", kisha sauti ya mtu anayezuia kicheko kwa leso. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimesikia katika sauti yangu kitu nilichokitambua. Ilikuwa sauti ya mwanamume anayetembea kutoka mlangoni hadi ghalani kwa kukumbuka.

Walinipima presha ya macho. Walinitia matone ya kupanua mboni, wakaniambia nisubiri benchini. Kila kitu kikageuka cheupe na laini. Mke wangu alinishika kiwiko. Nilijaribu kukumbuka sebule yetu ina viti vingapi na meza ya kahawa imekaa pembe gani, nikagundua kwamba sijui. Nimeishi humo zaidi ya miaka ishirini nikitegemea kuviona. Nikawaza vitabu vyangu, ambavyo nimekuwa nikijiahidi kuvisoma nikistaafu. Nikawaza kwamba sitamwambia mtu ninaogopa, halafu nikasikia mdomo wangu ukimwambia mke wangu naogopa. Akajibu kwamba na yeye pia, tangu jana.

Daktari alipotuita alikuwa ametulia, na utulivu wa madaktari haumwambii mtu lolote. Akasema ni mtoto wa jicho. La kushoto limekomaa, la kulia linaanza.

"Na presha?" nikauliza.

"Presha iko sawa. Mshipa wa jicho pia uko sawa."

Nikamwambia kwamba baba yangu alikuwa na presha ya macho. Akasema ameona, nimeshamweleza. Nikamuuliza tena kama ana hakika na presha.

"Mzee, ya baba yako ilikuwa ya kuzuia mapema. Hii yako ni ya kutoa. Tunatoa, unaona. Na kila mwaka unakuja kupimwa presha, hata ukiona mpaka Mombasa."

Mke wangu akauliza kama ninaweza kuendelea kuandika habari za mwezi. Daktari akasema hajui ninaandika nini, lakini kwa sasa nisiandike kuhusu ukubwa wake.

Tulitoka nje kwenye jua la saa saba na sikuweza kufungua macho kabisa, mboni zilikuwa wazi kama madirisha ya nyumba isiyo na mapazia. Mke wangu aliniongoza kupita sokoni kama mbuzi aliyenunuliwa. Niligonga kikapu cha maembe na mwenye maembe akanitukana, nikamwomba radhi nikicheka. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kutoona kitu.

Upasuaji ulifanywa Julai, majira ambayo Machakos hufunikwa na ukungu na baridi, na wiki nzima inaweza kupita bila mtu kujua kama mwezi umeandama au umejaa. Makala ya mwezi ule niliandika habari za mawingu. Walipoondoa bandeji, kitu cha kwanza nilichokiona ni uso wa mke wangu. Niliona mikunjo ambayo sikuwa na habari nayo. Nikanyamaza, maana nilitibiwa jicho, akili ilikuwa nzima tangu zamani. Yeye akanitazama akaniambia nisikawie sana kwenye kioo.

Septemba ulikuja usiku wa kupatwa kwa mwezi, na kwa bahati ulikuwa wa mapema, watu wakiwa bado macho. Majirani walisimama nje ya malango yao. Binti yetu alikuja tena. Mwezi ulichomoza ukiwa mmoja, umekatwa vizuri pande zote, na madoadoa yake ambayo nilikuwa nimeyasahau. Halafu ubavu mmoja ukaanza kuliwa. Nilijua ni kivuli cha dunia, nilikuwa nimeandika maneno mengi kuhusu kivuli hicho, lakini nilipoona giza likiingia kutoka pembeni, taratibu, bila kelele, niliyapima macho yangu mwenyewe. Nilifumba jicho moja, nikafumba la pili. Giza lilibaki palepale.

Tangu Aprili, mke wangu alikuwa na tabia ya kuniuliza swali moja kila jioni, kwa namna ya mzaha, nami nilijua si mzaha.

"Unaona nini?" akauliza.

"Naona mwezi unakuwa mweusi kutoka pembeni."

Akautazama kwa muda, kwa umakini ambao hakuwahi kunipa mimi na makala zangu.

"Hata mimi naona hivyo," akasema. "Basi ni mwezi."

Tulibaki nje mpaka ukawa mwekundu mzito kama udongo wa shamba letu baada ya kulimwa, na nyota zilizokuwa zimefichwa na mwanga wake zikajitokeza juu ya Iveti, nyingi, ndogo, kila moja peke yake. Binti yetu alipiga picha ambazo hazikutoka vizuri. Jirani mmoja alisema hiyo ni dalili ya mvua kubwa, mwingine akasema ni dalili ya bei ya sukari kupanda, wakabishana mpaka ukingo wa kwanza wa mwanga uliporudi. Chakula kilikuwa kimepoa. Tukakila hivyohivyo.

Jumatatu asubuhi nilipiga simu hospitalini kuomba siku ya kutibiwa jicho la kulia. Msichana wa mapokezi aliuliza kama limezidi. Nikamwambia bado, linaona, ila safari hii sitaki kungoja mpaka mke wangu awe wa kwanza kugundua.